Mikono Inafanya Nini

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Lakini mikono ya mume wangu sikumaliza kuieleza jana, kwa sababu taa iliishiwa mafuta. Basi niendelee. Si mikono ya mtu wa jembe, wala si laini kama ya watu wa mjini. Ikinishika bega najisikia nimefika mahali. Na nywele zake zinanukia chai! Si chai ya kikombe, ile kavu ya kiwandani, tamu kidogo, na hata nikimfulia shati mara mbili harufu haitoki. Hata nyusi zake, ukizitazama juani kwa karibu kama ninavyozitazama mimi, zina rangi ya kahawia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine.

Nimeolewa wiki tatu na siku mbili. Kipngeno wangu ni karani katika kiwanda cha chai cha shamba la Siretwet. Anatoka asubuhi na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu. Tunaishi chumba kimoja hapa senta, nje ya geti la shamba, na sitaki kingine.

Leo na mimi nimepata kazi. Watu wa afya kutoka Nairobi wanafanya utafiti wa vifua. Wanataka kujua kwa nini watu wa mashamba ya chai wanakohoa sana, kwa hiyo wametafuta makarani wa kuzunguka nyumba kwa nyumba na fomu: kidato cha nne, mwandiko safi, Kiswahili na Kipsigis. Ni kazi ya miezi miwili na nusu. Natamani Baba angeniona nikitia sahihi. Baba alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, na mtu anayemheshimu ni yule anayeshika kalamu. Siku ya posa aliuliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba wa Kipngeno akasema ni karani. Baba akavua miwani, akaitia mfukoni, na maswali yakaisha hapo.

Sasa nyumba yetu ina makarani wawili.

Jumanne, 4 Aprili

Mafunzo, katika ukumbi wa kanisa. Msimamizi wetu ni Madam Phelis, muuguzi wa miaka mingi, mwembamba, na sauti yake ni ya mtu ambaye ameshasema kila kitu mara mia. Nilidhani swali gumu litakuwa la kikohozi. Kumbe ni la kazi. Fomu inauliza mambo mawili: mtu anafanya kazi gani, na mahali anapofanyia kazi wanashughulika na nini. Madam alitukataza kuandika "kibarua". Alitukataza pia kuandika "mfanyakazi wa chai".

"Dereva ni wa chai, mpishi wa meneja ni wa chai, anayepulizia dawa ni wa chai," alisema. "Hao wote wanavuta hewa moja? Msiniletee jina la kazi. Muulize mtu, ukifika kazini asubuhi unaanza na nini? Halafu andika mikono inafanya nini mpaka jioni."

Tunaingia kila nyumba ya tano. Karatasi ya juu, yenye jina, inachanwa na kufungiwa katika sanduku la Madam, kampuni haiioni. Na karani haruhusiwi kujaza fomu ya nyumba yake au ya ndugu yake. Nyumba yake ikiangukiwa na hesabu, mwenzake ndiye anaingia.

Mwenzangu ni Kebaso, Mkisii anayetoka ng'ambo ya pili ya soko la Chepilat. Mimi natoka ng'ambo hii. Tumenunua viazi kwa mama mmoja miaka yote bila kujuana. Ameshaanza kuniita Mama Harusi.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Kipngeno ameniomba kitambaa changu cha kichwa, kile cha njano chenye maua, atembee nacho kazini. Nikamuuliza cha kazi gani. Akasema anataka kitu changu kiwe karibu na pua yake siku nzima. Mimi nitakufa na furaha, nasema kweli.

Jumatatu, 10 Aprili

Siku ya kwanza kwenye laini za wafanyakazi, zile safu za nyumba za kampuni. Nyumba kumi na moja. Mvua ilianza saa nane na haikusimama. Nimeuliza swali la kazi mara kumi na tisa na majibu yamekuwa haya: chai, chai, kibarua, chai, mkulima. Huyo mkulima nilimuuliza analima wapi. Akasema kwao, ekari moja ya mahindi. Na hapa? "Hapa niko tu." Ana miaka kumi na nne hapa, anachuma chai kila siku, lakini moyoni mwake yuko tu, kazi yake iko nyumbani. Nikauliza tena: ukiamka unaanza na nini? Hapo ndipo kikapu kilipotoka, na aproni ya nailoni, na baridi ya saa kumi na mbili.

Nilifika nyumbani nimelowa mpaka ndani. Kipngeno alikuwa ameninunulia maziwa lala, kwa sababu nilisema juzi naikumbuka mursik ya mama, yale maziwa yake ya kibuyu. Ni mume wa namna gani huyu.

Alhamisi, 13 Aprili

Nyumba tisa. Soli ya kiatu cha kushoto imeachia.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Kipngeno hakuimba kanisani ingawa sauti yake ndiyo iliyonivuta mwaka jana kwenye mkutano wa vijana. Akianza mstari kikohozi kinamkata. Anasema ni baridi ya msimu. Nimempa asali na ndimu.

Jumanne, 18 Aprili

Nimefanya jambo ambalo sikutakiwa kufanya, lakini ni dogo na ni tamu, basi naliandika. Leo hesabu iliangukia mlango wetu. Kebaso alikuwa ng'ambo ya mto na mvua ilikuwa inamwagika. Nikafikiri, kwa nini atembee hatua zote hizo kuniuliza ninayoyajua? Jioni tukakaa kitandani na fomu, Kipngeno na mimi, nikamuuliza kwa sauti ya Madam, "Bwana, una mke?" Akasema anaye, na ni mkali. Tulicheka sana.

Kazi yake sikumuuliza. Niliandika mwenyewe, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizoandika tangu nianze: Karani, kiwanda cha chai. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili? Alisema hapana, nikaandika hapana.

Ijumaa, 21 Aprili

Mvua. Nyumba kumi. Miguu.

Jumatano, 26 Aprili

Nyumba kumi na tatu, na laini ya mwisho iko mbali mno. Katika nyumba ya mwisho nilimkuta mama mmoja, Bilhah Nyanchoka, mtu wa Kisii, umri kama arobaini, anakoroga uji. Nilimuuliza kazi. "Sina kazi, mimi nakaa tu nyumbani. Bwana ndiye ana namba." Namba ni ile ya kampuni, ambayo mchumaji anaitwa kwayo akifika kwenye mizani. Kikohozi? Alisema ndiyo, tangu Januari. Nikaandika mama wa nyumbani na nikaondoka. Nilikuwa na njaa, kalamu ilikuwa inateleza kwenye vidole.

Alhamisi, 27 Aprili

Madam amenirudishia fomu ya Bilhah mbele ya wote. Hakupaza sauti. Aliuliza tu kama niliitazama mikono ya huyu mama. Nikasema alikuwa anakoroga uji. Akasema, "Kwa hiyo ilikuwa mbele yako."

Kebaso hakunitania njia nzima, ndipo nikajua nimekosa kweli.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimerudi kwa Bilhah. Saa nzima kwa miguu, na ukungu mpaka magotini.

Niliitazama mikono. Ncha za vidole nyeusi kwa utomvu wa chai, na kidole gumba na cha shahada vimepasuka kama ukuta wa udongo. Nikamwambia pole pole kwamba mikono hii haikai nyumbani. Akaniambia niingie nifunge mlango.

Ni hivi. Bwana yake ana namba lakini hana mgongo tena, aliuvunja mwaka juzi. Kila asubuhi Bilhah anabeba kikapu, anachuma, na kwenye mizani anaitwa kwa namba ya bwana. Nyapara anajua na ananyamaza. Karibu nusu ya wanawake wa laini hii wanachuma hivyo, kwa namba ya mume, na ukiwauliza wote watakuambia wanakaa tu. Si kwamba wanaficha kwa ujanja. Wamezoea. Namba ndiyo kazi, na namba si yao. Lakini ikiandikwa mahali kwamba bwana hachumi, namba itakatwa, na nyumba itafuata namba.

"Sasa nyinyi mnaandika," alisema. "Nani anasoma?"

Nikamweleza karatasi ya juu, sanduku, funguo. Nikamwambia wanaochuma na wanaokohoa ndio watakaoitwa kupigwa picha ya kifua bure, na mama wa nyumbani hayumo katika hesabu hiyo. Alikoroga uji wake akifikiri.

"Na wewe mama, bwana yako ameandikwa nini?"

Nikasema karani wa kiwanda, Kipngeno, labda anamjua. Alikuwa na mwiko mkononi. Aliacha kukoroga.

"Kipngeno wa kiwandani," alisema. Halafu akasema, "Sawa. Basi andika yangu. Andika mimi nachuma."

Nimeandika mistari minne. Njiani nilifikiri ni neno gani lilimfanya akubali, nikajipa sifa mwenyewe.

Ijumaa, 5 Mei

Nimelala na viatu.

Jumanne, 9 Mei

Nilidhani kazi hii itanifanya niwapende watu wote. Kuna siku napenda tu wale ambao hawako nyumbani. Watu wanatuita daktari, wanatuonyesha vidonda, na sisi hatuna hata kidonge. Mzee mmoja ameniambia huu ni utafiti wa tano kupita mlangoni kwake na mlango wenyewe bado haufungi.

Nimefua. Vitambaa vya pua vya Kipngeno vina madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa sabuni. Nilimuuliza. Akasema huko ofisini chai inamwagika ovyo.

Bado nampenda kiasi kwamba nikisikia hatua zake kwenye kokoto nasimama. Lakini siku hizi nasimama pole pole.

Jumatatu, 15 Mei

Mvua. Nyumba nane. Kebaso ana homa, nimefanya na zake nne.

Jumatano, 24 Mei

Naandika haya kwa sababu sijui nimwambie nani.

Leo ilikuwa zamu ya kiwanda. Madam alitaka tuzunguke kwanza, kitengo kwa kitengo, tuone mashine, ili mtu akitaja kazi yake tuwe tumeiona. Mimi niliamka na furaha kama siku ya harusi. Nilivaa sketi ya bluu. Nilifikiri tutapita ofisini, nitamwona mume wangu nyuma ya meza, nitamsalimia kwa jina lake lote kama mgeni, na yeye atashindwa kuficha kicheko.

Tulianza juu, majani yanaponyaushwa. Pale ni pazuri, upepo tu na harufu ya majani mabichi. Tukashuka kwenye mashine za kukata, kelele. Kwenye vikaushio, joto. Nilimuuliza kijana wa vikaushio ofisi iko wapi, akanionyesha jengo dogo ng'ambo ya uwanja. Nikasema basi tutafika.

Kisha tukaingia chumba cha kuchekecha. Sikuweza kuona ukuta wa pili. Hewa yenyewe ilikuwa ya kahawia. Mashine zinatikisa chai kavu, nzito inaanguka huku, nyepesi kule, na ile isiyo na uzito wowote haianguki kabisa, inabaki hewani na kuingia kila mahali. Kebaso akaanza kupiga chafya. Watu walikuwa kama kumi, wamejifunga vitambaa mdomoni na puani, huwezi kujua nani ni nani. Mmoja alikuwa juu ya ngazi anafagia mabomba ya dari, na kila akifagia wingu linamshukia.

Alikuwa amejifunga kitambaa cha njano chenye maua.

Nilisimama nikisoma yale maua kana kwamba ni maandishi. Kuna moja nililitia uzi mweupe pale lilipochanika, kabla sijaolewa. Uzi mweupe nao ulikuwa wa kahawia. Akageuka kushuka ngazi, ufagio mkononi, akaniona. Nyusi zake. Mungu wangu, zile nyusi.

Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Alichukua koleo akaanza kuzoa vumbi na kulitia guniani. Madam akauliza kama tumeona ya kutosha. Nikasema ndiyo, Madam.

Alhamisi, 25 Mei

Alirudi jana saa kumi na moja na shati lake jeupe na kalamu zake mbili. Huoga kule kule na kubadilisha. Nilikuwa namenya viazi. Nikaendelea kumenya.

Alisema, "Nilikuwa karani, Janeffer. Miezi mitatu nilikuwa karani wa mizani, sikudanganya. Mwenye kazi akarudi kutoka likizo. Wakaniambia ni kuchekecha au nyumbani. Na mjomba alikuwa ameshafika kwenu."

Nikamuuliza ni lini alitaka kuniambia. Akasema kila siku asubuhi. Nikamuuliza anakohoa tangu lini, na badala ya kujibu akakohoa.

Sikukasirika kwa sababu ya koleo. Nataka daftari hili lijue hivyo. Ningeolewa na mwenye koleo, ningemfuata vile vile. Nilikasirika kwa sababu nimezunguka milango mia mbili nikiwauliza wageni mikono yao inafanya nini, na mikono ninayoipenda kuliko yote duniani sikuiuliza.

Na sasa naelewa kwa nini Bilhah aliacha kukoroga. Alijua. Aliona tu kwamba na mimi nina fomu isiyo sawa nyumbani, akanionea huruma, ndipo akakubali kuandikwa.

Jumapili, 28 Mei

Tulikwenda kanisani. Yeye alitembea mbele, mimi nyuma. Mvua.

Jumatatu, 29 Mei

Orodha ya picha za kifua inatoka kwenye fomu. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, na kazi yake ni ya kuchuma, ya dawa au ya vumbi, ataitwa. Lori litawapeleka Kericho tarehe kumi na tatu. Fomu zote zinaondoka kwenda Nairobi tarehe tisa. Baada ya hapo, kilichoandikwa kimeandikwa.

Katika sanduku la Madam, Kipngeno ni karani asiyekohoa.

Nilimwambia jioni. Akakataa kabla sijamaliza. Wenzake wawili wa kuchekecha walikwenda zahanati na kikohozi mwaka jana, wakapewa likizo, na likizo haikuisha mpaka leo. "Nikiitwa kwa hiyo lori, kesho kutwa nitakuwa nyumbani kwetu nachunga ng'ombe za kaka yangu. Na baba yako atasema nini?" Nikamwambia karatasi ya juu inachanwa. Akasema lori halina karatasi ya juu, kila mtu ataona nani anapanda.

Alikuwa amesema kweli.

Alhamisi, 1 Juni

Madaraka, sikukuu, na mvua imepumzika kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Tulitembea mpaka juu ya mlima mdogo nyuma ya shule. Zamani ningejaza kurasa tatu kueleza jinsi chai ilivyong'aa. Iling'aa. Tulisimama mara nne njiani ili avute pumzi, mtu wa miaka ishirini na sita.

Kule juu tulimkuta Bilhah anatafuta kuni. Nilimuuliza kama atapanda lori. Akasema atapanda, na mwenye macho atazame. Kisha akamgeukia Kipngeno akamwambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mimi ninachuma kwa namba si yangu na nimesema. Wewe uko na namba yako kabisa, kijana, unaogopa nini?"

Kipngeno alicheka, kikohozi kikakimaliza kile kicheko. Alipotulia alikaa kwenye jiwe. Nikakaa karibu naye.

Tukishuka alisema, "Mwambie mwenzako aje. Lakini si wewe. Wewe utaniandika vizuri tena."

Jumatatu, 5 Juni

Nimemwambia Madam Phelis yote: kwamba nilijaza fomu ya nyumba yangu, kwamba nilikiuka kanuni, kwamba sikuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilikuwa hata nimefunga mkoba.

Alitafuta fomu kwenye sanduku, akaisoma, akaisifu kwa uchovu kwamba ina mwandiko mzuri. Kisha akapiga mstari mmoja toka kona mpaka kona. Siku mbili nitakaa bila kazi, ndiyo adhabu. Nilipofika mlangoni akaniuliza kama najua ni wake wangapi wa maaskari, makarani na manyapara wamemwambia kwa miaka yake yote kazi ya waume zao, na ni wangapi walikuwa wameiona.

Jumanne, 6 Juni

Kebaso amekuja saa kumi na moja na nusu. Alibisha hodi kama hatujuani. Mimi nilikaa mlangoni na mboga, nimewapa mgongo, kwa sababu kanuni inasema nisiwepo na chumba chetu ni kimoja.

Kebaso alimweleza karatasi ya juu. Kisha akauliza, "Sasa, ukifika kazini asubuhi, unaanza na nini?"

Nilimaliza shada zima la sukuma wiki.

"Naanza na kufunga kitambaa," alisema Kipngeno.

"Kitambaa ya nani?"

"Hiyo fomu yako haiulizi."

Kebaso akakubali kwamba haiulizi. Basi mume wangu akasema. Akaeleza mashine inapoanza, trei zinavyotikisika, vumbi linavyokaa chini na juu ya mabomba. Jinsi anavyozoa kwa koleo, anatia guniani, anafunga, anabeba. Anapanda ngazi, anafagia dari, anashuka, anakuta chini kumejaa tena, anaanza upya. Kitambaa analowesha maji saa nne na saa saba, kwa sababu kikikauka vumbi linapita. Alieleza vizuri sana. Hajawahi kunieleza kitu chochote vizuri namna ile, hata mapenzi. Kalamu ya Kebaso ilikwenda na kwenda.

"Na kikohozi?"

"Tangu Novemba."

Nilikuwa nimegeuza kisu, nakata hewa. Novemba mjomba alikuwa ameshaleta posa, harusi ilikuwa bado. Alikuwa anaimba bado.

Kebaso akiondoka alinipita mlangoni bila kuniita Mama Harusi. Alisema, "Fomu ya leo imejaa mpaka pembeni, dada."

Jumanne, 13 Juni

Lori. Watu ishirini na sita walipanda getini, mchana kweupe, na manyapara wakitazama. Bilhah alipanda wa kwanza. Kipngeno alivaa shati la kawaida, na mfuko wake haukuwa na kalamu.

Alhamisi, 15 Juni

Nyumba za mwisho. Kumi na moja. Nimechoka kiasi kwamba nilibisha mlango wetu wenyewe.

Jumanne, 20 Juni

Majibu yamekuja katika bahasha, kila mtu yake. Bilhah ana kifua kikuu, na ameanza dawa leo leo. Daktari amesema akimaliza dozi atapona. Hakulia. Aliniuliza kama atachuma wakati anameza dawa.

Kipngeno hana kifua kikuu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini vumbi limemuumiza, na akibaki chumba kile litamuumiza zaidi, ndivyo barua inavyosema. Barua ni yake, aitumie au asiitumie. Ameibeba siku nzima mfukoni, pale kalamu zilipokuwa. Jioni aliipeleka mwenyewe kwa meneja, akaomba kitengo kingine. Meneja amesema atafikiria. Tunajua wenzake wawili walifikiriwa namna gani.

Alhamisi, 22 Juni

Meneja bado. Nimekifua kitambaa cha njano mara tatu. Hakitarudi njano.

Tumekaa kitandani, mahali pale pale pa ile fomu ya kwanza, na nimeandika barua ya Chepilat. Kipngeno ameisoma. Alitaka nifute mstari mmoja, halafu akasema basi, niuache. Nainakili hapa kabla sijaitia katika bahasha.

Baba mpendwa,

Sisi ni wazima kiasi, natumaini wewe na Mama pia. Mvua imekuwa nyingi. Kazi yangu ya utafiti imekwisha. Nilikosea sehemu moja na nikasahihishwa.

Kuna jambo ambalo Kipngeno anataka kukuambia kwa mdomo wake, na mimi nitakaa karibu naye wakati anasema. Huenda wakati huo ana kazi, huenda hana. Naomba usivue miwani mapema. Na naomba usimuulize anafanya kazi gani. Muulize, akifika kazini asubuhi, anaanza na nini. Anajua kujibu, na utapenda anavyoeleza.

Mwambie Mama atuwekee mursik. Iwe mvua iwe jua, kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.